MAZIWA HAYATOI SUMU. Tuache kurusha dadu na watoto wetu

SEHEMU YA 1: Mchezo wa mwanangu

Nimetoka zamu ya usiku, sijalala, na sitalala mpaka niandike hili. Ni refu, kwa hiyo nimeligawa sehemu 8. Kama una mtoto wa chini ya miaka mitano ndani ya nyumba, soma zote. Kama unanyonyesha, soma huku unanyonyesha, simu iko mkononi si ndiyo?

Naanzia mbali kidogo. Mwanangu ana miaka 10. Likizo hii yeye na binamu zake wametunga mchezo wao wa mezani. Daftari moja, dadu mbili walizotoa kwenye ludo, na vizibo vya soda ndio watu. Mmoja ni shujaa, mmoja mwindaji, mmoja mganga. Wanasafiri porini. Shujaa akiumwa na nyoka au akinywa maji ya kisima chenye sumu, anapoteza nguvu kila zamu. Hapo mganga anarusha dadu. Akipata 5 au 6 anamgusa, sumu inatoka, shujaa anasimama na safari inaendelea. Akikosa, anarusha tena.

Nilikaa nikawaangalia, nikacheka. Halafu nikaacha kucheka. Maana ndivyo tunavyofanya sisi watu wazima. Sumu ya aina yoyote, mguso mmoja, imetoka. Tofauti ni kwamba mguso wetu sisi unaitwa MAZIWA.

Usiku wa kuamkia leo nimempokea mtoto wa mwaka mmoja na nusu. (Nimebadilisha vitu vidogo ili asijulikane.) Alikunywa mafuta ya taa kwenye chupa ya maji iliyokuwa chini ya kabati. Mama hakuwepo, jirani akafanya kila alichofundishwa: kikombe kizima cha maziwa, halafu vijiko vya mafuta ya kula, halafu kidole kooni atapike. Mtoto akatapika. Alifika kwetu akipumua mbio, mbavu zinaingia ndani, midomo imebadilika rangi. Hivi ninavyoandika yuko kwenye oksijeni.

Sasa sikilizeni. Mafuta ya taa aliyoyanywa yalikuwa funda moja tu. Kilichomlaza pale ni kile alichofanyiwa BAADA ya hapo. Na jirani yule alimpenda yule mtoto, alilia kuliko hata mama. Ndiyo maana naandika.


SEHEMU YA 2: Maziwa yanaenda wapi?

Sisi wa huku Dodoma tumekuzwa na maziwa. Mgogo na ng'ombe wake, nani asiyejua? Maziwa ni chakula, ni heshima, ni mahari. Sina ugomvi na maziwa. Mimi mwenyewe asubuhi bila chai ya maziwa siendi popote.

Lakini chakula kizuri hakigeuki kuwa dawa kwa sababu tunakipenda. Fundi rangi anakunywa maziwa "kusafisha kifua". Jamani, maziwa hayaendi kifuani! Yanaenda tumboni. Yakienda kifuani umepaliwa, na hiyo ni hatari nyingine.

Twende na sumu moja moja, kwa sababu neno "sumu" ndilo linalotupoteza. Tunalitumia kama vile ni kitu kimoja. Siyo kitu kimoja.

MAFUTA YA TAA, petroli, tina. Haya tumboni hayana fujo kubwa sana. Hatari yake ni mapafu. Ni mepesi, yanateleza, tone likiingia njia ya hewa linasambaa na kuunguza mapafu. Sasa wewe unamjaza mtoto maziwa tumbo linajaa, unamtapisha, mafuta yanapanda tena kooni mara ya pili. Umeyapa nafasi ya pili ya kuingia kwenye mapafu. Hiyo ndiyo nimonia niliyoipokea jana.

KOSTIKI SODA ya kutengenezea sabuni, MAJI YA BETRI, dawa za kuzibua vyoo. Hivi vinaunguza. Vimeunguza mdomo na koo vikishuka. Ukimtapisha vinaunguza tena vikipanda. Kuna watoto wanabaki na koo lililoziba, hawamezi hata uji, kwa miaka.

DAWA YA NYANYA, dawa ya zabibu, dawa ya kunguni, hizi za kuulia wadudu. Nyingi ziko kwenye kundi linaloshambulia mishipa ya fahamu. Mtoto anatoa mate, machozi, jasho, anaharisha, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, kifua kinajaa majimaji kama anazama akiwa nchi kavu. Na zinapita hata kwenye NGOZI. Wewe unahangaika na kikombe cha maziwa wakati shati lake limelowa dawa na linaendelea kumwingia.

VIDONGE VYA KUONGEZA DAMU tunavyowapa kliniki. Ndiyo, hivyohivyo. Vinang'aa kama pipi. Kwako ni dawa, kwa mtoto wa kilo 10 vidonge vingi ni sumu kali. Hii nitairudia sehemu ya 6, naomba usiiruke.

Sumu nne, njia nne tofauti za kuua. Kikombe kimoja cha maziwa kitazizuiaje zote? Hakiwezi.

Na hao wengine ni ndugu wa maziwa: yai bichi, mafuta ya kula, mkaa wa jikoni uliosagwa, maji ya chumvi. Maji ya chumvi ndiyo mabaya kuliko yote. Chumvi nyingi kwa mtoto mdogo ni sumu yenyewe, inaweza kuleta degedege na kumuua. Yaani unatibu sumu kwa sumu.


SEHEMU YA 3: Sasa hospitali mnafanya nini?

Mwanangu aliniuliza hivyohivyo. "Mama, kama mganga hatoi sumu, kazi yake nini?" Nikamjibu: kazi yake ni kuhakikisha shujaa anaendelea kupumua mpaka mwili wake umalize kuitoa sumu wenyewe.

Hilo ndilo jibu, na ndilo watu hawalijui. Watu wanadhani tuna kabati lenye chupa, kila sumu na chupa yake. Hapana. Sumu nyingi HAZINA dawa yake maalumu. Zenye dawa ni chache, na hata hizo hazifanyi kama kwenye mchezo.

Kwa dawa za wadudu tuna atropini. Atropini haiondoi sumu mwilini. Inakausha maji kifuani na kuupandisha moyo uliopungua mapigo. Tunachoma, tunasubiri dakika chache, tunasikiliza kifua, tunaongeza dozi, tunasikiliza tena, mpaka kifua kikauke. Muuguzi anakaa pale kitandani usiku kucha. Akisinzia, mgonjwa anaweza kurudi kule alikotoka.

Kwa parasetamoli nyingi ipo dawa yake, na inafanya kazi vizuri ikianza ndani ya saa 8. Mtihani wake ni huu: mtoto aliyekunywa chupa nzima ya dawa ya homa siku ya kwanza anaonekana MZIMA. Anacheza. Bibi anasema "mnaona, maziwa yamemsaidia". Siku ya pili na ya tatu ini linaanza kufa. Zile saa 8 zimekwenda.

Sumu ya panya zipo aina nyingi. Kuna inayozuia damu isigande, na dalili zake zinakuja baada ya siku mbili tatu: fizi zinavuja, mkojo mwekundu. Dawa yake ipo, ni vitamini K. Kuna nyingine inatoa gesi tumboni na kushambulia moyo, hiyo haina dawa maalumu. Zote zinauzwa mnadani kwenye vifuko vidogo vinavyofanana. Ndiyo maana nesi akikuuliza "ilikuwa sumu gani?" hakuchokozi. Jibu lako ndilo litakaloamua tumfanyie nini.

Na ule unga wa mkaa? Upo hospitali, ni mkaa uliotengenezwa maalumu wenye vitundu vidogo visivyohesabika, unanasa baadhi ya sumu tumboni. Unasaidia hasa ndani ya saa moja ya mwanzo. Haunasi madini ya chuma, na kwa mafuta ya taa au vitu vinavyounguza hatuutumii. Mkaa wa jikoni kwako siyo huo, hata kama vyote vimetoka kwenye mti.

Kwa hiyo unaona? Hata sisi wenye dripu na oksijeni tunategemea vitu vitatu ambavyo WEWE ndiye unavyo: ni sumu gani, kiasi gani, saa ngapi. Ukifika na hivyo vitatu umeshafanya nusu ya kazi yangu.


SEHEMU YA 4: "Mbona mimi nilipewa maziwa nikapona?"

Najua mnaniandalia hili, kila nikigusa mada hii naambiwa. Tena na watu ninaowaheshimu, shangazi zangu wakiwemo. Nijibu kwa adabu.

Shangazi, ulipona. Tunamshukuru Mungu. Lakini ulipona kwa sababu ya maziwa au ulipona huku umepewa maziwa? Hayo ni mambo mawili.

Mtoto mdogo akionja kitu kibaya, mara nyingi anatema. Anameza kidogo. Watoto wengi wanaolamba sumu wangepona hata wasingepewa chochote. Sasa kumi wamelamba, wote wakapewa maziwa, nane wakapona. Tukasema maziwa yamewaponya nane. Wale wawili tukasema "siku zao zilifika". Hivi unaona hesabu ilivyo? Maziwa yanapokea sifa za wote waliopona, na lawama za waliokufa anabebeshwa Mungu.

Na waliopona ndio wanaosimulia. Waliokufa hawaandiki komenti.

Mwanangu akirusha dadu anapata 5 au 6 mara mbili kati ya sita. Akiipata anaruka "nimemponya!" Hakumponya, dadu ndiyo imeangukia pale. Ila yeye anajua ni mchezo. Sisi tunaapa kabisa kwamba ni mkono wetu.


SEHEMU YA 5: Nyoka na jiwe jeusi

Ukitoka mjini kidogo tu, Bahi, Chamwino, Mpwapwa, Kondoa, mada ya sumu ni nyoka. Mtoto anachunga, mama anaokota kuni, baba anatembea usiku bila tochi. Na kila kijiji kuna mwenye jiwe jeusi la kunyonya sumu.

Najua nagusa pabaya. Nitasema tu.

Lile jiwe mara nyingi ni mfupa wa mnyama uliochomwa ukawa mweusi. Linagandamana na kidonda kwa sababu lina vitundu vinavyovuta unyevu. Linavuta majimaji ya juu juu, ndiyo maana linanata na "likishiba" linadondoka. Sumu ya nyoka haikai juu pale ikikusubiri. Imechomwa ndani kwa meno na inasafiri. Watafiti walishalijaribu kwa panya wa maabara waliochomwa sumu ya nyoka, matokeo yakachapishwa 2007. Halikusaidia.

Mbona watu wanapona? Kwa sababu nyoka wengi hawana sumu ya kumuua mtu, na hata wenye sumu mara nyingine wanauma bila kuimwaga. Jiwe linapewa sifa. Dadu tena.

Hata nyoka wenyewe hawafanani. KIFUTU anavimbisha, anaozesha nyama, na anaweza kuvuruga damu. SWILA anaozesha nyama, na akikutemea machoni anaunguza. KOBOKO anashika pumzi: kope zinalegea, ulimi unakuwa mzito, kupumua kunasimama. Huyo wa koboko anaweza kuokolewa na mtu anayempulizia hewa tu, akiendelea bila kuchoka mpaka dawa ipatikane.

Kwa hiyo usifunge kamba ya kukaza. Umemfungia kifutu sumu yake sehemu moja na umezuia damu, mguu unaoza wote. Usichanje kwa wembe, usinyonye kwa mdomo, usipake mafuta ya taa. Mvue bangili, pete, shanga za mguuni kabla hajavimba. Mlaze, mfunge kigongo kama aliyevunjika ili kiungo kisichezecheze, MBEBENI asitembee. Msimfukuze nyoka, hatutaki wagonjwa wawili. Kama amebaki palepale mpige picha ya simu kwa mbali. Macho yaliyotemewa yaoshe kwa maji mengi, dakika 15 au zaidi.

Ukifika tutakuchukua damu kidogo, tutaiweka kwenye chupa safi ya kioo, tutaiacha dakika 20 bila kuigusa, halafu tutaiinamisha. Ikibaki majimaji, damu haigandi, unahitaji dawa ya sumu ya nyoka. Kipimo hicho hakihitaji hata umeme. Na dawa ile inaikamata sumu inayozunguka mwilini. Nyama iliyokwisha kufa haiifufui. Ndiyo maana ukikaa na jiwe siku mbili halafu ukaja, tutakuokoa uhai lakini mguu hatukuahidi.


SEHEMU YA 6: Sasa zamu yetu sisi manesi

Mpaka hapa nimewasema nyie. Ingekuwa dhambi niishie hapo.

Dada mmoja aliwahi kuniambia usoni: "Nesi, maziwa yako jikoni, hospitali iko kilomita 30 na mkifika mnatutukana." Sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli. Vituo vingi vya chini havina dawa ya sumu ya nyoka, ni ghali. Bodaboda usiku inataka hela. Na tukifika zamu ya kuongea, mara ngapi mama anapokelewa kwa "ulikuwa wapi mpaka mtoto anakunywa sumu?"

Nitasimulia langu. Miaka ya nyuma, kituo kingine, siyo hapa. Alikuja mama kijana, mimba ya miezi saba, na mtoto wa miaka miwili anatapika na kuharisha. Nilikuwa peke yangu, wodi imejaa. Nikaanza: mnawalisha nini watoto, hamnawi mikono, mnaleta wakiwa hoi. Akanyamaza. Nikamuuliza amekula nini. Akasema, "Maembe."

Tukamtibu kama wa kuharisha. Maji, dripu. Jioni akatulia, kutapika kukaacha, akalala. Nikaandika kwenye faili kwamba anaendelea vizuri.

Madini ya chuma yakiwa mengi mwilini ndivyo yanavyofanya. Kwanza anatapika na kuharisha, halafu anatulia kwa saa kadhaa unadhani amepona, halafu anaanguka. Alfajiri mikono ya yule mtoto ilikuwa ya baridi. Mama ndipo akalia, akasema alikuta kopo lake la vidonge vya kliniki liko tupu. Aliogopa kusema. Aliogopa mimi nitasemaje.

Tulimwandikia rufaa. Hakufika.

Vidonge vile nilimpa mimi mwenyewe kliniki wiki mbili kabla. Nilimwambia ameze kimoja kila siku. Sikumwambia aviweke wapi.

Manesi wenzangu mnaosoma hapa, nisikilizeni. Swali la "ulikuwa wapi" halijawahi kumponya mtoto hata mmoja. Linamfundisha mama kudanganya. Na mama akidanganya kuhusu sumu, sisi ndio tunarusha dadu. Uliza hivi: "Amekula nini, kiasi gani, saa ngapi? Niambie chochote, sitakugombeza." Halafu USIMGOMBEZE. Na kila mjamzito unayempa vidonge, mwambie: hivi ni sumu kwa mtoto, viweke juu.

Na nyie mama zangu, hata ukigombezwa, sema. Meza aibu, sema ukweli. Hata kama ulikuwa umelala, hata kama kopo lilikuwa sakafuni. Hata kama ulishampa maziwa au dawa ya mganga, sema pia. Mimi nitakulinda na aibu yako, lakini siwezi kutibu nisichokijua.


SEHEMU YA 7: Sumu ambayo sina chochote cha kumpa

Kuna watu wamenielewa vibaya wakadhani nasema "njoo hospitali kila kitu kitaisha". Hapana. Kuna sumu ukinijia nayo sina kitu.

Mnakumbuka 2016? Hapa kwetu, Dodoma na jirani zetu Manyara, watu walianza kuumwa tumbo, kutapika, macho kuwa ya njano, tumbo kujaa maji. Wengine wakasema wamelogwa. Ilikuwa SUMUKUVU, sumu ya ukungu kwenye mahindi. Wagonjwa 68 waliorodheshwa, 20 wakafa. Wengi walikuwa watoto.

Sumukuvu haina dawa yake. Maziwa hayaitoi, na mimi siitoi. Haina rangi, haina harufu unayoweza kuitegemea, na kupika hakuiondoi. Ugali umeiva, uji umechemka, bado imo. Tena ng'ombe akila pumba zenye sumukuvu, inatokea kwenye maziwa yake. Umeona? Hayo maziwa tunayoyaita dawa ya sumu yanaweza kuja na sumu ndani yake.

Sasa dada unayesaga UNGA WA LISHE wa mtoto: mahindi, karanga, ulezi, soya. Mahindi na karanga ndizo zinazoshambuliwa zaidi. Na ndizo unazompa mtoto wa miezi saba kila siku, mara tatu. Karanga zilizonyauka, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, tusiziweke kando "za uji wa mtoto" huku nzuri tukauze. Nimeona mnafanya hivyo, msikatae. Chambua kwa mkono, punje moja moja, mbaya TUPA, usimpe hata kuku. Mahindi usiyaanike kwenye udongo mtupu, tandika turubai. Yakauke mpaka punje ukiuma inalia "ka!". Gunia liwe juu ya mbao, lisiguse sakafu wala ukuta. Na uji usiwe wa mahindi na karanga tu kila siku, badilisha, weka mtama, uwele, ulezi.

Pale kwenye sumu isiyo na dawa, mganga ni yule anayechambua karanga.


SEHEMU YA 8: Ya kubandika ukutani

Nimemaliza kugomba. Haya ndiyo ya kufanya mtoto akila au akinywa sumu.

1. Mtoe kwenye sumu. Futa mdomo kwa kitambaa. Nguo zilizolowa vua zote, mwoshe kwa maji na sabuni, wewe vaa mfuko wa nailoni mikononi. Kama ni macho, maji mengi yanayotiririka dakika 15.

2. USIMPE kitu mdomoni. Siyo maziwa, siyo mafuta, siyo yai, siyo chumvi, siyo mkaa, siyo soda. USIMTAPISHE. Akitapika mwenyewe, mlaze ubavu asipaliwe.

3. Akisinzia, mlaze ubavu wa kushoto, angalia kifua kinapanda na kushuka. Kikiacha, mpulizie hewa.

4. Chukua chupa, kopo, pakiti, hata kama ni tupu. Hesabu vidonge vilivyobaki. Angalia saa.

5. Ondoka. Usisubiri dalili, usisubiri baba arudi. Ukiwa njiani piga 199 ya Wizara ya Afya wakuelekeze, ni bure. Tanzania ina Kituo cha Taifa cha kuratibu matukio ya sumu chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Uliza zahanati yako kama wanayo namba yake imebandikwa. Kama hawana, waulize kwa nini.

Na kabla hayo hayajatokea, leo hii kabla hujalala: kila kitu kilichoko kwenye chupa ya maji au ya soda ambacho si maji wala soda, kitoe. Baba anayepulizia zabibu Hombolo au nyanya bustanini, mabaki ya dawa asiyalete ndani kwenye chupa ya juisi. Muuza sumu anayekupimia kwenye kifuko kisicho na jina, usinunue. Dawa za kliniki, juu ya kabati, siyo chini ya mto. Yule mtoto wa miaka miwili anafika kila mahali unapodhani hafiki.

Halafu kuna jambo la kufanya pamoja. Mkutano wa kijiji au wa mtaa ukiitishwa, akina mama tusimame tuulize: zahanati yetu ina atropini? Dawa ya sumu ya nyoka iliyo karibu iko kituo gani? Usiku nani ana usafiri? Maana siwezi kukuambia acha maziwa kimbilia hospitali, halafu nikanyamaza wakati hospitali yenyewe iko mbali na kabati ni tupu. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika 2017. Yamesahauliwa na nani? Na wasioumwa. Sisi tunaoumwa tukumbushe.

Nikirudi zamu jioni kitu cha kwanza nitaenda kwenye kile kitanda chenye oksijeni. Nitawaletea habari, Mungu akijalia nzuri. Kwa sasa nakwenda kulala. Mwenye bibi au mama mkwe anayeamini maziwa, msomee kwa upole, usimrushie tu. Naye alifundishwa na mtu aliyempenda.